Nyumba Iliyotembea na Moto Wake

Tangu nilipomaliza sekondari miguu yangu haijakubali kutulia. Nimesafiri juu ya mifuko ya maharagwe kutoka Butembo, nimeuza vitenge Bunia, nimewapikia chai madereva wa malori barabara ya Kisangani, na sasa ni miaka kadhaa naishi na mabegi mawili upande wa Bukavu, nikitafuta sababu ya kuhama tena. Kila ninapofika, mtu huniuliza kwetu ni wapi. Wengi wa Goma wakiulizwa hivyo hujibu kwa volkano au kwa vita, kwa sababu ndicho muulizaji anachotarajia kusikia. Mimi husema, "Natoka Mabanga, humohumo Goma. Kwetu nyumba hutembea, na mama yuko ndani na moto wake."

Watu hucheka. Kisha husogeza kiti wakaniambia nieleze, nami hueleza, kwa kuwa katika yote niliyoyaona njiani hakuna linalonifanya nitembee kichwa juu kama hilo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, kama nyingi za Mabanga. Baba aliijenga baada ya lava kuimeza ile ya kwanza. Hakuchimba msingi, kwani nani anachimba lava? Alipanga mawe meusi, akalaza maboriti juu yake, akasimamisha mbao, akapigilia mabati. Ndani hapakuwa na sakafu, ni changarawe nyeusi iliyopondwa na mikeka juu yake. Nyumba ilikaa juu ya ardhi kama kofia juu ya kichwa. Kiwanja hakikuwa chetu. Mwenyewe alikuwa amemwambia baba, "Kaa tu, siku nikihitaji nitasema." Baba akafa, mwenye kiwanja naye akafa, na neno lao likaendelea kuishi peke yake miaka mingi, mpaka watoto wa yule mzee walipotaka kujenga nyumba ya matofali. Siwezi kuwasema vibaya. Walikuja kwa heshima, wakanywa chai, wakampa mama muda wa kutosha kujipanga.

Ndugu zetu wa Butembo walipopata habari walisema mama arudi kwao. Chumba kipo, walisema, na hali ya hewa ni nzuri. Mama alikataa kwa simu, kwa sauti ambayo jirani wa tatu aliisikia.

"Butembo niko na ndugu," alisema. "Hapa niko na batu."

Kati ya hao watu wake, wa kwanza alikuwa mwanamke mmoja Mushi, kabila la upande wa Bukavu. Mama ni Munande, wa kabila la Butembo. Walikutana ziwani wakichota maji, wote wawili maharusi, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na walianza kwa kugombania jiwe la kufulia. Ugomvi ule ukawafunza Kiswahili. Tangu hapo hawakuachana, hata lava ilipowatenganisha kwa avenyu mbili. Nilikua nikisikia matusi yao ya upendo kama wengine wanavyosikia redio.

"Nyinyi Banande," yule mama alikuwa akisema, "hata ku mbingu mutafika na mufuko ya maharagi, mumuulize Petro soko iko wapi."

"Na nyinyi Bashi mutamukuta ashalewa kasiksi yenu ya ndizi," mama alijibu, "njo maana mutaingia."

Na kila asubuhi palikuwa na moto. Anayeamka na makaa yaliyozimika alikwenda kwa mwenzake kuomba moto, akabeba makaa mawili matatu juu ya kifuniko cha sufuria. Utotoni mimi ndiye niliyetumwa. Nilijua kutembea upande ambao upepo hautoki, nilijua kulipulizia kaa bila majivu kuniingia machoni. Lakini sikuruhusiwa kuomba moto moja kwa moja. Ilinibidi kwanza niulize wameamkaje, nani amekohoa, nani hajala, kisha nirudi na makaa pamoja na majibu. Siku moja nilimwonyesha mama kiberiti kilichojaa juu ya rafu na kumuuliza kwa nini ninatumwa.

"Kiberiti kinawasha," alisema, "lakini hakikuulizi umeamukaye."

Basi habari ya kiwanja ilipofika, rafiki yake hakufikiri mara mbili. "Kuya nyuma ya kuzini yangu," alimwambia mama, yaani nyuma ya jiko lake. "Tuzeeke tukisikiana kukohoa." Mumewe, mzee anayechonga chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshusha mizigo yetu mlimani, alikuwa pale akilainisha gurudumu. Alitikisa kichwa kuitikia, akaendelea na gurudumu lake. Hivyo ndivyo kiwanja kilivyopatikana.

Ikabaki nyumba yenyewe. Fundi alijaribu kung'oa msumari mmoja, na ubao ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Akajaribu wa pili, ikawa vilevile. Mbao za baba zilikuwa zimezeeka pamoja na misumari yake. "Hii ukiivunja," fundi alisema, "utajenga kuni." Njia ilikuwa moja tu: kuivua mabati, kuifunga magogo, na kuibeba nzima kwa mabega. Mabanga tumeona nyumba zikibebwa hivyo, ila ndogo, na si mbali. Hii ilihitaji avenyu nzima. Ilipangwa iwe Jumamosi, kwa sababu Jumatatu waashi wa wenye kiwanja wangekuja, na kitakachokuwa bado kimesimama kingeangushwa.

Nilivuka ziwa kwa boti nikafika katikati ya juma lile. Rafiki wa mama alikuwa amedhoofika, lakini alikuwa ameketi kwenye mlango wa jiko lake na fimbo, akinionyesha mimi na mzee mahali pa kuweka mawe.

"Mulango uangalie hapa," alisema, akigonga chini mbele ya miguu yake. "Nikikuya kuomba moto sitaki kuzunguka nyumba kama mwizi."

"Nani amekuambia nitakupatia?" mama alimuuliza.

"Utanipatia. Unapenda habari za watu, utanipatia tu."

Alhamisi asubuhi mama alichukua kifuniko chake akaenda kuomba moto. Alirudi nacho kitupu, kimelala chini ya mkono wake, na hakuwa akilia. Alikaa juu ya kigoda, akakiweka magotini. Sikuhitaji kuuliza.

Huko kwetu mtu akifa, avenyu yake na za jirani hufunga mikono. Hakuna anayepiga nyundo, hakuna anayeinua jembe, mpaka marehemu azikwe na mwenye kilio mwenyewe awafungue watu. Na hilo haliombwi. Ukimuomba mwenye kilio ruhusa ya kufanya kazi yako, umemwambia kwamba kazi yako ni nzito kuliko mtu wake. Mazishi yalipangwa Jumamosi, siku ileile ya nyumba. Jumapili kwetu ni misa, watu hawafanyi kazi. Jumatatu ni waashi.

Mama alivaa kitenge chake cha kilio, akaenda kupika katika masufuria makubwa, akalala kwenye mikeka na wanawake wengine. Nyumba hakuitaja. Mimi nilikuwa na nyumba kichwani mchana kutwa. Na lilikuwapo jambo jingine lililoniogopesha zaidi: mahali pale nyuma ya jiko palikuwa ahadi ya mke. Mume alikuwa ametikisa kichwa tu. Sasa alikuwa ameketi chini ya turubai, kitambaa cha kilio kimefungwa begani, akitazama mchanga. Nani angemuuliza kama kichwa kile bado kinaitikia?

Ijumaa nikashuka Birere, karibu na mpaka, wanapokaa wabebaji wa mizigo. Nilikuta vijana wenye mabega mapana, hawana kilio, hawajui avenyu yetu. Walikuwa tayari kuja kesho yake asubuhi. Nilirudi nimefurahi, nikamwita mama pembeni ya masufuria nikamwambia.

Aliniangalia huku akigeuza bugali kwa mwiko mrefu. "Wanajua mulango yetu iko upande gani?"

"Mama, wataiona."

"Wanajua ule alikufa jina yake nani?"

Sikuwa nimewaambia.

"Basi wabaki ku Birere yao. Nyumba yangu haitapita mbele ya kilio ya mwenzangu ikibebwa na watu wasiomulia."

Aliyesikia maneno hayo alikuwa muuza sambaza, dagaa wa ziwani, mwanamke mwenye sauti ya kuita soko zima. Miaka ya nyuma alikuwa katika kambi ya waliokimbia vita, Kanyaruchinya, na watoto wake. Mvua ilipoingia katika hema lao mama aliwachukua, wakalala nyuma ya pazia letu msimu mzima. Tangu hapo amekodi chumba kwenye avenyu yetu na anamwita mama "mama mukwe", ingawa hajaolewa na yeyote wa kwetu.

"Papa wa safari," aliniambia, ndilo jina alilonipa, "wewe umezoea lori. Lori ukiipakia inaenda. Batu hawapakiwi vile. Tulia."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu haijafika. Kamata hii ndoo."

Tulizika Jumamosi kabla ya jua kukaa katikati. Tulirudi, tukanawa mikono kwenye beseni mlangoni, tukala. Kisha watu wakakaa. Nilihesabu kivuli cha turubai kikisogea kutoka mguu wa benchi moja hadi mwingine. Mafundi walikuwapo, vijana wa pikipiki walikuwapo, wanaume wa shirika letu la sala walikuwapo, mabega yote niliyoyahitaji yalikuwa pale, yamekaa, na hakuna aliyenitazama. Nilifungua mdomo. Muuza sambaza akanikanyaga mguu.

"Mwenye kilio haulizwi," alinong'ona.

Mama alikuwa akisugua sufuria upande ule mwingine. Ndipo mzee alipoinua kichwa.

"Ile nyumba," alisema, "iko wapi?"

Sufuria ya mama iliacha kulia.

"Niliambiwa itakuwa nyuma ya kuzini leo. Ninaangalia, siioni." Akageuka kumtafuta mama kwa macho. "Mwenzako alisema, mimi nikaitika kwa kichwa. Yeye tumemuzika. Kichwa changu njo hiki, kiko palepale." Akakunja mikono ya shati. "Musimame. Mikono yenu iko wazi."

Sijawahi kuona benchi zikiachwa kwa haraka vile. Watu walisimama kama waliokuwa wakisubiri tangu Alhamisi, na kweli walikuwa wakisubiri. Nilipofika kwetu nilikuta magogo ya mikaratusi tayari yamefichwa nyuma ya choo cha jirani. Kamba zilikuwapo. Mtu alikuwa amekwisha kuzipima. Walikuwa wamejipanga, bila kusema neno mbele ya mwenye kilio, na mimi niliyekwenda Birere ndimi pekee ambaye sikujua.

Vyombo vilitangulia juu ya chukudu. Mabati yakashushwa. Magogo yakapitishwa chini ya maboriti, mbao za kukingama zikapigiliwa ndani ili nyumba isijipinde, na watu wakapangwa kwa urefu, warefu upande wa mteremko. Mzee alikwenda kushika pembe ya mbele. Wakamwambia apumzike, aongoze tu kwa mdomo.

"Mudomo yangu haina nguvu," alisema. "Bega iko nayo."

Hapo mama akaingia ndani ya nyumba. Katika mkono wake alikuwa na mbabula, lile jiko letu dogo la makaa, na ndani yake moto aliouchukua kutoka chini ya masufuria ya kilio. Akafunga mlango.

"Mama, toka!" nikapiga kelele. "Tunainua!"

"Inueni," alisema kutoka ndani. "Nyumba haihami ikiwa baridi. Haina chini, nitatembea."

Watu wakaangua kicheko, cha kwanza tangu Alhamisi. "Kuna abiria!" kijana mmoja wa pikipiki aliita. "Mama, wapi kofia yako ya chuma?"

"Wewe piga kazi, mudomo utapumzika ku kaburi!"

Muuza sambaza akapanda juu ya jiwe atuhesabie moja, mbili, tatu kwa Kifaransa. "Wenye kubeba nyumba wasogee, wenye kubeba masemi mudomoni watoke njiani! Un! Deux! Trois!"

Nyumba ya baba ikalia. Kila ubao ulisema neno lake. Kisha ikapanda juu kidogo, ikaacha mawe meusi iliyoyakalia miaka yote ile, na ikaanza kwenda. Mimi nilikuwa chini ya gogo la kushoto, bega langu kati ya bega la fundi cherehani na la mwalimu wa katekisimu. Kupitia mpenyo wa mbao nilimwona mama ndani, viatu vyake vya plastiki vikikanyaga lava hatua kwa hatua, akiishika mbabula mbele yake kama padre anavyoshika sakramenti. Juu hapakuwa na paa, basi moshi ulipanda wazi angani. Watu wa avenyu nyingine walitoka milangoni kuona nyumba inatembea na inafuka moshi.

"Inaungua!" mama mmoja alipiga yowe.

"Haiungui, inapikwa!" vijana wakamjibu.

Mama alituongoza kutoka ndani. Alikuwa anasikia nyumba kuliko sisi tuliokuwa chini yake. "Kushoto imeshuka! Papa ya cherehani, inua!" Na fundi cherehani akainua, mtu mzima, na jasho lake, akisema, "Ndiyo mama, ndiyo mama."

Kwenye kona tukakwama. Njia ilikuwa nyembamba, ua wa mtu umetoka mbele, nyumba haipiti. Kabla hatujajua la kufanya, fundi cherehani alitoka chini ya gogo, na mwingine akaingia mahali pake. Ua ulikuwa wake. Akaleta nyundo yake akaanza kuung'oa, mti baada ya mti.

"Papa, utalala wazi!" mtu alimwambia.

"Ua utarudi kesho kutwa. Ubao wa huyu mama ukipasuka ku kona yangu, ku shirika nitakaa benchi gani?"

Tukapita. Mbele ya turubai ya kilio tukapunguza mwendo bila kuambiwa. Ndani, mama naye alisimama, tukalazimika kusimama na nyumba yetu mabegani, tukitetemeka, mpaka alipopiga ubao kwa kidole mara moja kutuambia twende.

Tulipoishusha juu ya mawe nyuma ya jiko, watu walianguka chini kama mifuko. Wengine walicheka, wengine walishika migongo. Nilikwenda kumfungulia mama mlango na sikuuona. Nikazunguka. Mlango ulikuwa upande wa ukuta wa jirani. Katika kuzungusha nyumba pale konani tulikuwa tumeigeuza, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Jiko la marehemu lilikuwa linatazama mgongo wa nyumba yetu.

Mama alifungua, akaona ukuta, akafunga tena.

"Mama, toka basi, umefika," nilisema.

"Sijafika. Hapa si ku mulango yangu."

Watu walikuwa wamechoka kweli. Mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba kuzunguka nyumba si mbali, ni hatua chache tu. Mzee alikuwa ameegemea jiko la mkewe, akitazama mgongo ule wa mbao. Akaenda palepale mkewe alipokuwa ameketi Jumatano, akagonga chini kwa kisigino.

"Alisema mulango uangalie hapa," alisema. "Hataki kuzunguka kama mwizi."

Muuza sambaza akapangusa uso kwa kanga yake. "Mumesikia? Un! Deux!" Nao wakasimama, wakiguna, wakitukanana, wakicheka, wakairudia ile nyumba mara ya pili. Tuliigeuza polepole, mama akizunguka ndani na moto wake, mpaka mlango ulipokutana na mlango. Ndipo akatoka. Aliitazama avenyu yake yote iliyolala chini na mabega yamechubuka, na hakusema aksanti. Alisema, "Nani anataka chai?" Maji yalikuwa tayari yameanza kuchemka; sijui sufuria ile aliingia nayo saa ngapi.

Nimewahi kuona watu wenye nyumba za matofali, ghorofa mbili, walinzi mlangoni. Nawaheshimu. Lakini jioni ile, nikiwa nimekaa juu ya jiwe na kikombe cha moto, nilijua kwamba mama yangu amejenga zaidi. Alikuwa ameijenga nyumba ile kwa miaka yote kwa kuulizana hali na watu, na mimi niliyepita kote nilikuwa mtoto wake.

Boti yangu ilikuwa ya Jumapili. Asubuhi ile, nikiwa nafunga begi, nilisikia hatua nje. Mzee alikuwa amesimama kati ya milango miwili, na mkononi alikuwa na kifuniko cha sufuria cha mkewe. Alikishika vibaya, kwa vidole viwili, kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa hajawahi kuomba moto maisha yake yote.

"Kule kwangu kuko kiberiti," alisema, kana kwamba ameshtakiwa.

"Ninajua," mama alisema. "Umeamukaye?"

Mzee akaanza kumwambia, pole pole, jinsi alivyoamka. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akichagua makaa yaliyoshika vizuri. Alipoyaweka juu ya kifuniko aliona mzee bado amekishika kwa vidole viwili, akanigeukia mimi, mwanaume wa zaidi ya miaka arobaini mwenye ndevu na begi lililofungwa nusu.

"Mutoto," alisema, "peleka."

Nikaliacha begi. Nikashika kifuniko, nikakaa upande ambao upepo hautoki, nikalipulizia kaa bila majivu kuniingia machoni, na nikatangulia mbele ya mzee kwenda kuwasha jiko lake. Boti ile iliondoka bila mimi.